Hatua Kumi na Moja Kutoka Uani

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota au kukatika katika sehemu kubwa ya Tanzania na nchi za jirani. Jambo hilo limethibitishwa. Magazeti ya siku zilizofuata yaliliandika, na yeyote anaweza kuyafungua akasoma. Siku hiyo hiyo, wakati wa alasiri, katika nyumba moja ya mtaa wa Buzebazeba, jirani na Ujiji, Safina binti Zubery alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Sehemu kubwa ya yanayofuata imesimama juu ya maneno ya watu, na maneno hayo hayakubaliani.

Mwanvua binti Zubery ni mdogo wa marehemu. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Ujiji, akafiwa na mume Ujiji, na tangu ujana wake huanika dagaa kwenye mchanga wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga ziwani. Asubuhi huwamwaga na kuwatandaza kwa mikono, jua likipanda huwageuza, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa Kongo huwa wa kwanza kusema, "Zoeni!" Wenzake walikuwa wakimtazama yeye badala ya kulitazama anga.

Kazi yangu ni kukusanya masimulizi ya watu, na nilimrekodi kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2009. Sababu iliyonipeleka kwake ilikuwa desturi ya ukoo wao ambayo sijaikuta mahali pengine kwa namna ile. Kila mwaka hitima inaposomwa, baada ya dua na kabla ya chakula, mwanamke mmoja huwataja marehemu wa nyumba hiyo, na kwa kila marehemu huwataja waliokuwa kitandani roho ilipotoka, waliomwosha, na walioteremka kaburini. Hakuna kilichoandikwa. Wenyewe hawaiiti kwa jina kubwa, huiita kutaja. Mwanvua aliirithi kazi hiyo kwa shangazi yake akiwa na miaka ishirini na minne.

Mwaka ule alinitajia vifo arobaini na kimoja, na nikavilinganisha na daftari la mazishi la msikiti kwa miaka ambayo daftari lilikuwepo. Alitofautiana na daftari mara mbili, na katika moja ya hizo mbili daftari ndilo lililokosea. Nilipomuuliza anajuaje kwamba fulani alikuwemo chumbani na fulani alikuwa nje, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Aliyekuwepo haulizwi anajuaje," alisema.

Maneno hayo yako kwenye kaseti ya pili, upande wa kwanza. Nimeyasikiliza tena mara nyingi mwaka huu.

Simu aliletewa mwaka 2019 na mwanawe Ashraf, anayefanya kazi Dar es Salaam. Alichokitaka Ashraf ni mama amwone mjukuu, na mama alimwona. Kwa miezi ya mwanzo, asema Mwanvua, ilikuwa furaha tupu. Kisha likaundwa grupu la ukoo, lenye watu themanini na sita waliotawanyika Dar es Salaam, Bujumbura, Uvira na Maskati. Kwa kuwa Mwanvua ndiye aliyejua habari za misiba, yeye akawa mtoaji wa habari za misiba. Alipiga picha waliofika, akapiga picha walioosha wakiwa wamemaliza na kukaa, akapiga picha kaburi.

"Nikasema, ya nini kujaza kichwa, yote yamo humu," aliniambia, na akaigonga simu kwa ukucha.

Yaliyofuata aliyaeleza kwa mshangao wa mtu anayesimulia ugonjwa usio na jina. Usingizi ulikatika vipande vipande. Macho yaliwasha. Alichoka siku ambazo hakufanya kazi, na siku alizofanya kazi hakukumbuka kama amewageuza dagaa au bado. Katika wiki moja ya mwaka 2022 mvua ilinyesha juu ya dagaa wake mara mbili, yeye akiwa ameketi hatua chache kutoka hapo, ameinamisha kichwa. Wenzake hawakumwonea huruma.

"Mama Ashraf, mvua hiyo! Au nayo tukutumie kwenye grupu?"

Alicheka pamoja nao. Lakini kwenye hitima ya mwaka ule, alipofika kwa marehemu wa mwaka uliotangulia, alisita katikati ya waoshaji na kuitoa simu aangalie. Wazee waliohudhuria wanakumbuka kisa hicho, kwa sababu hakikuwahi kutokea kabla.

Januari 2024 Safina aliugua figo. Mwanvua alikwenda kumtazama kila siku, akimpelekea uji wa ulezi, akimkanda miguu. Asubuhi moja alimkuta amelala bila ushungi, nywele zimenyonyoka, midomo imekauka. Alimshika mkono, ulikuwa wa moto. Akasikia uchungu, na uchungu huo ukamfanyisha jambo ambalo mikono yake ilikwisha kulizoea: alipiga picha, akaandika "Mwombeeni dada yangu," akaituma kwenye grupu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika safari ya picha ile. Waliiweka kwenye status zao ili wengine nao waombe dua. Baada ya siku mbili ilirudi kwenye simu ya Asia, binti wa Safina, ikitoka kwa mwanamke wa Maskati asiyemfahamu, ikiwa imezungushiwa nyuso zinazolia. Asia ni fundi cherehani, na alikuwa akishona kando ya kitanda cha mama yake. Alishtuka kwa sauti, mama akauliza kuna nini, na simu ikaonyeshwa.

Mwanvua alipofika siku hiyo alipokelewa na maneno ambayo Asia na yeye wanayakumbuka kwa namna moja:

"Mwanvua, mimi nimejisitiri miaka sitini na tatu. Wewe umenivua kwa kidole kimoja."

"Dada, niliomba dua tu."

"Dua haina picha."

Kuanzia hapo, kila Mwanvua alipoingia, Safina alijifunika uso kwa kanga hadi mdogo wake atoke. Hakutukana wala hakulalamika, alijifunika tu. Baada ya wiki tatu Mwanvua aliacha kuingia chumbani. Aliuacha uji uani, kwa Leonia, jirani Mkristo aliyekuwa akisaidia kupika na kuchemsha maji, kisha akarudi Ujiji. Hali ikaendelea hivyo kwa miezi mitatu.

Kwa watu wa nyumba hiyo, dada mkubwa ni kama mama, na kufa kwa dada ambaye hajakuridhia ni mzigo usiotuliwa. Ndiyo maana swali lililonirudisha Buzebazeba si dogo. Swali ni kama Mwanvua alipata radhi ya dada yake kabla dada hajafa. Mwanvua anasema aliipata. Lakini hana hakika kama anayesema hivyo ni yeye au ni simu yake.

Siku ya tarehe 12 Mei, karibu na adhuhuri, Asia alimpigia simu ya kawaida. Simu za kawaida ziliendelea kufanya kazi siku ile. "Mama mdogo, njoo. Hali ya mama si nzuri." Mwanvua alichukua bodaboda, akafika, akapita mlango wa pembeni na kuketi uani juu ya ndoo iliyopinduliwa. Leonia anakumbuka mazungumzo yao.

"Mama Ashraf, huingii?"

"Nitamtumia ujumbe. Nangoja mtandao."

"Utamtumia nani?"

"Dada."

"Mbona dada yumo humo ndani!"

"Najua, Leonia."

Leonia aliniambia alidhani ni mambo ya Waislamu asiyoyafahamu, akaendelea na moto wake.

Hiki ndicho kiini cha siku ile, nami sikukielewa hadi nilipoisikia sauti yenyewe. Mwanvua alikuwa amepoteza ujasiri wa kusema jambo gumu uso kwa uso. Kwa miaka mitano maneno yake mazito yote, ya ugomvi, ya rambirambi, ya kumkanya Ashraf, yalipita kwenye ujumbe wa sauti, ambapo mtu anaweza kufuta na kuanza tena. Basi alikusudia kuiomba radhi ya dada yake kwa njia hiyo hiyo. Angerekodi ujumbe, angeutuma kwenye simu ya Asia iliyokuwa chumbani, Asia angemsikilizisha mama yake, na jibu lingekuja. Alirekodi na kufuta, asema, labda mara kumi. Ujumbe uliobaki una dakika moja na sekunde kumi na tisa. Nimeruhusiwa kunukuu sehemu yake:

"Dada, shikamoo. Mimi niko hapa uani. Nimekosa, dada. Sikukuona wewe, niliona ugonjwa. Usijifunike tena. Ukinikubalia nitaingia, usiponikubalia nitakaa hapa hapa."

Sekunde chache kabla sauti haijakatika inasikika adhana ya alasiri ikianza.

Aliutuma. Ikaonekana tiki moja. Aliiinua simu juu ya kichwa chake, akasogea ukutani, akasogea kwenye mpapai, akaingojea tiki ya pili, ya kwamba umefika. Hakujua kwamba nchi nzima ilikuwa inaingojea.

Safina alifariki wakati wa adhana hiyo au muda mfupi baada yake. Ujumbe ulifika kwenye simu ya Asia asubuhi ya Jumatano, siku mbili baada ya maziko.

Mwaka ulipita bila mabishano. Mei 2025, katika hitima, Mwanvua aliketi mahali pake na kutaja. Alitaja vizuri, wanasema, bila simu. Alikuwa ameiacha nyumbani kwa makusudi. Alipofika kwa dada yake sauti yake ilikuwa imara.

"Safina binti Zubery. Kitandani: Asia binti yake, na Mwanvua mdogo wake. Akanishika mkono akasema, Mwanvua, nimekuridhia."

Asia aliinua kichwa. "Mama mdogo, hapana."

"Hapana nini?"

"Hukuwemo chumbani. Na neno hilo la radhi ni la kwenye video niliyoituma kwenye grupu, hakulisema kwako. Alisema, 'Mlio mbali nyote, nimewaridhia.'"

"Asia, nilikuwemo. Nilimshika mkono."

"Ulikuwa uani, mama mdogo. Kila mtu anajua ulikuwa uani."

"Jamani," akasema mwanamke mmoja kutoka kona ya chumba, "pilau inapoa." Na watu wakashukuru kupewa la kufanya.

Wiki iliyofuata Mwanvua alinipigia simu. Hakunisalimia kama kawaida yake. "Mwalimu, mwaka ule ulinipima. Nipime tena. Mimi nilikuwepo au sikuwepo?"

Nilikaa Buzebazeba na Ujiji kwa siku tisa za mwezi Juni. Nilianza na kitu kinachoweza kushikwa. Video ya Asia ina sekunde arobaini na moja, na faili lake linaonyesha kwamba ilirekodiwa saa kumi na dakika sita alasiri. Safina anaonekana kutoka miguuni pa kitanda. Amefungwa ushungi vizuri. Asia aliniambia kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyeomba: "Leo nipige. Lakini nifunge ushungi kwanza." Dirisha liko kulia, kwenye kigoda kuna chupa ya chai ya rangi ya waridi. Safina anasema polepole: "Mlio mbali nyote, nimewaridhia. Nami mniridhie." Basi. Hataji jina la mtu.

Asia aliituma papo hapo, lakini nayo haikuenda. Simu yake bado inatunza taarifa za nani aliiona na lini. Kwa jina la Mwanvua imeandikwa Jumatano, tarehe 15 Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kwa hiyo Mwanvua hakuiona video ile akiwa uani siku ya Jumapili. Asia alikuwa amekwisha kujijengea maelezo hayo, kwamba mama mdogo aliitazama video uani na kuiamini kuwa ni chumba. Nilipomwonyesha tarehe, aliichukua simu akaisoma mwenyewe.

"Sasa radhi hiyo kaitoa wapi?" aliuliza.

Nilimuuliza Mwanvua ameitazama mara ngapi tangu Jumatano ile.

"Kila siku."

"Mara moja kwa siku?"

"Siku nyingine mara tano. Siku nyingine sijui. Nikiwa nawageuza dagaa, nageuza mstari mmoja, naitazama."

Ni zaidi ya mwaka. Nikaendelea, na hapa nanukuu kutoka kwenye rekodi.

"Hebu niambie chumba kilivyokuwa alipokushika mkono."

"Dirisha kulia kwangu. Chupa ya chai, ile ya waridi, juu ya kigoda. Dada kalala, kafunga ushungi wake mweupe. Nikifumba macho naona, kama ninavyokuona wewe."

"Umesimama wapi?"

"Miguuni."

"Kutoka uani mtu huingilia wapi?"

 Kwenye rekodi inasikika bata akipita.

"Kichwani," alisema. "Mlango wa uani uko kichwani pake."

"Na ukiwa miguuni, mkono wake uliufikiaje?"

"Mwalimu, usiniulize hivyo." Kisha akaongeza: "Ulikuwa wa moto. Huo mkono ulikuwa wa moto. Video haina moto."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na niliiandika hivyo. Mwanvua alikuwa miongoni mwa waliomwosha marehemu, lakini wakati huo mwili ulikuwa umekwisha kupoa. Joto la mkono halikutoka kwenye kuosha wala kwenye simu. Nilidhani nimepata ushahidi. Usiku ule nilirudia maelezo yake kuhusu mwezi Januari, na hapo nikakuta sentensi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: alimshika mkono, ulikuwa wa moto. Ilikuwa asubuhi ya picha. Yawezekana mkono wa Januari umehamia Mei. Yawezekana pia kwamba mgonjwa wa homa huwa na mkono wa moto Januari na Mei vilevile.

Asubuhi nilikwenda kwa Leonia.

"Mwakeye," nilimsalimia, nikijaribu Kiha changu kibovu, naye akacheka kabla hajajibu. Alikuwa akichambua maharage.

"Leonia, siku ile adhana inaadhiniwa, Mama Ashraf alikuwa wapi?"

"Kwenye mpapai. Kainua simu juu hivi, kama anayepokea sakramenti. Nikamwambia, utaanguka. Hakunisikia."

"Adhana ilikuwa imeanza au imekwisha?"

"Katikati. Kisha sufuria ikafurika nikageuka."

"Ukageuka kwa muda gani?"

"Muda wa kuupanga moto upya. Wewe umewahi kuwasha kuni mbichi?"

"Na Asia alipopiga kelele?"

"Nikakimbia. Nilipoingia Mama Ashraf alikuwemo."

"Alikuwemo kabla ya kelele, au alikutangulia kuingia?"

Aliuonyesha mguu wake wa kushoto, ambao umevimba tangu zamani. "Mwalimu, kwa mguu huu kila mtu hunitangulia. Hata kuku."

Asia, kwa upande wake, hakuwemo chumbani dakika za mwisho. Baada ya kurekodi video alitoka barazani, upande wa barabara, kumpigia mjomba wake Khalfani aliyeko Katubuka, ili aje na shehe. Kumbukumbu za simu yake zinaonyesha mazungumzo yalianza saa kumi na dakika kumi na nane na yakachukua dakika sita na sekunde arobaini. Alisikia adhana ikianza na kuisha akiwa anazungumza. Aliporudi, mama yake alikuwa ametulia. Akapiga kelele. Watu wakaja. Nilimuuliza kama mama mdogo wake alikuwa tayari ndani.

"Sikuangalia mtu mwingine," alisema. "Nilikuwa namwangalia mama." Alisokota uzi kidoleni. "Ungeniapisha mwaka jana ningeapa hakuwemo. Sasa ukiniapisha, siapi."

Hivyo kuna dakika kati ya sufuria ya Leonia kufurika na kelele ya Asia, si chini ya mbili wala zaidi ya tano kwa hesabu yangu, ambapo chumba hakikuwa na shahidi yeyote, na uani hapakuwa na mtu aliyekuwa akimtazama Mwanvua. Nilipima umbali kutoka kwenye mpapai hadi kitandani, nikipita pazia. Ni hatua kumi na moja za mtu mzima asiye na haraka. Mtu angeweza kwenda, kushikwa mkono, kuambiwa maneno mawili na kubaki na muda. Mtu angeweza pia kusimama pale pale, shingo imepinda, akiitazama tiki moja.

Kwa nini basi chumba anachokikumbuka ni chumba cha video? Nilidhani jibu litaiamua kesi kwa upande mmoja, na halikuiamua. Aliyeingia kweli, kisha akaitazama picha ya chumba kile mara elfu, naye angekiona kutoka miguuni. Marudio huweza kuifunika kumbukumbu ya kweli sawa na yanavyoweza kuizaa ya uongo. Niliiona hali hiyo kwa wasimulizi wengine waliosimulia mbele ya kamera mara nyingi, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunishika mkono wa shati, kama alivyofanya Mwanvua, akiniomba nimwambie kama alikuwepo.

Siku ya nane niliwaketisha pamoja Mwanvua na Asia na kuwaeleza niliyoyapata. Niliwasikilizisha pia ujumbe wa sauti. Asia alikuwa ameusikia mara moja tu, Jumatano ile, juujuu, ukiwa katikati ya jumbe nyingi za rambirambi, na hakufika kwenye maneno ya kuingia. Safari hii aliusikiliza hadi adhana. Kisha aliinuka, akapiga magoti mbele ya mama yake mdogo.

"Mama mdogo, basi. Mimi ndiye niliyebaki. Kwa niaba ya mama, nimekuridhia."

Mwanvua alimshika kichwa, akamwinua. "Ahsante, mwanangu. Lakini wewe hukupigwa picha."

"Kwani yeye alisema nyote."

"Alisema mlio mbali. Mimi sikuwa mbali, Asia. Nilikuwa kwenye mpapai." Akanigeukia. "Mwalimu, mtu akiwa kwenye mpapai, yuko mbali?"

 Niliandika swali hilo kama alivyolisema.

Kabla sijaondoka aliniomba jambo moja kuhusu kaseti za mwaka 2009: zisifutwe, ila rekodi hii mpya iwekwe kando yake katika boksi lile lile, ili atakayekuja asikilize zote mbili. Kuhusu simu, hakufanya uamuzi wowote wa kuonekana. Anayo. Akiwa mwaloni huikabidhi kwa mwenzake aifunge kwenye pindo la kanga, lakini mwenyewe huinyoosha mikono kuitaka mara mbili au tatu kabla ya adhuhuri, kisha huirudisha mikono kwenye dagaa. Video hajaifuta. Anasema hataki kuitazama, na anaogopa kwamba asipoitazama chumba kitatoweka, na dada atatoweka nacho, na mkono nao.

Nilimwomba siku ya mwisho anitajie. Alikaa vizuri, akaanza na babu yake mzaa baba, akashuka mmoja baada ya mwingine bila kukosea, kwa sauti ile ile ya kwenye kaseti. Alipofika kwa dada yake alisema:

"Safina binti Zubery. Kitandani."

Akakomea hapo, bila kumtaja mtu. Niliacha kinasa sauti kiendelee. Kisha alisema, "Waoshaji," akaendelea nao, jina lake likiwa la tatu.

Haijulikani kama Mwanvua binti Zubery aliingia chumbani katika dakika zile. Haijulikani kama Safina alisema neno lolote baada ya video kuzimwa, wala kama lilikuwepo sikio la kulisikia. Hakuna shahidi, hati au kifaa ninachokifahamu kinachoweza kujibu.